Wimbo uliokataa kukatwa, kutoka Mji Mkongwe hadi barabara ya Rusumo

Wakubwa wa kampuni ya santuri ya EMI walipousikiliza wimbo huo jijini London mwaka 1975, walikuwa na neno moja: mrefu. Hakuna redio itakayoupiga. Ulikuwa na dakika tano na sekunde 55, wakati santuri ndogo ya kuuzia sokoni ilitarajiwa isizidi dakika tatu na ushei, ili mtangazaji apate nafasi ya tangazo, maneno mawili matatu na wimbo mwingine. Tena haukuwa na kiitikio. Ulianza kwa sauti tupu kama kwaya, ukaingia kwenye simulizi ya huzuni juu ya piano, ukapanda hadi solo ya gitaa, ukageuka ghafla kuwa opera, ukalipuka kwa magitaa na dramu, kisha ukafifia hadi pigo moja la gongo. Wakashauri ukatwe. Bendi ya Queen, wenye wimbo wao, wakakataa.

Ulitoka mzima tarehe 31 Oktoba 1975, na kabla mwezi haujatimia ulikuwa namba moja Uingereza. Bohemian Rhapsody umeshavuka umri wa miaka 50 na siku zote husimuliwa kama habari ya London. Mimi nataka kuusimulia kutoka huku kwetu, Biharamulo na Ngara. Mtunzi wake alizaliwa katika nchi ambayo leo ni sehemu ya Tanzania. Na ugonjwa uliomuua, ukaurudisha wimbo wake kileleni mwaka 1991, ni ule ambao Tanzania iliutambua kwanza katika mkoa wetu wa Kagera.

Mtunzi huyo, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, akapewa jina la Farrokh Bulsara. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi wa dini ya Zoroasta wenye asili ya Gujarat, India. Baba alifanya kazi ya kushika fedha katika mahakama kuu ya serikali ya kikoloni. Mtoto akiwa na miaka minane hivi alipelekwa shule ya bweni ya St Peter's huko Panchgani, India. Huko ndiko alikokomalia piano na kupiga katika bendi ya shule, The Hectics. Alirudi Unguja mwaka 1963, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ikahamia Feltham, pembeni mwa London. Kijana alikuwa na miaka 17. Alisomea michoro katika chuo cha sanaa cha Ealing, akauza nguo za mitumba soko la Kensington pamoja na Roger Taylor, mpiga dramu, na mwaka 1970 wakaungana na mpiga gitaa Brian May kuunda Queen. Mpiga besi, John Deacon, aliingia mwaka uliofuata.

Zanzibar hakupenda kuizungumzia mbele ya waandishi, wala hakuitungia wimbo. Maana ya Bohemian Rhapsody nayo hakuifafanua hadi alipofariki. Waliodai kuijua wameandika vitabu, na kila mmoja ana maana yake. Mimi naona alifanya vizuri kunyamaza, kwa sababu kijana anayeupokea leo akiwa Kabanga anaupokea mzima, bila kuambiwa alie wapi na acheke wapi.

Mwaka 1975 ulipoanza, Queen walikuwa na jina kubwa na mifuko mitupu. Mwaka uliotangulia wimbo wao Killer Queen ulifika namba mbili Uingereza, lakini kampuni iliyowasimamia, Trident, ilikuwa ikiwalipa pauni 60 kwa wiki. Deacon aliomba fedha ya kutanguliza nyumba akanyimwa. Freddie aliomba piano akanyimwa. Msanii wa Tanzania anayesoma aya hii hahitaji kuelezwa zaidi. Walivunja mkataba, wakampata meneja mpya, John Reid, aliyekuwa akimsimamia Elton John. Yeye aliwaambia waende studio watengeneze albamu bora kadiri wanavyoweza, habari za fedha wamwachie yeye. Albamu hiyo, A Night at the Opera, ilitoka Novemba 1975 ikisemwa kuwa ghali kuliko zote zilizowahi kurekodiwa Uingereza hadi wakati huo.

Kazi ilianza Agosti 1975 Rockfield, nje ya mji mdogo wa Monmouth, Wales. Palikuwa shamba la ng'ombe wa maziwa kabla wenye shamba hawajageuza majengo kuwa studio. Prodyuza alikuwa Roy Thomas Baker, na fundi mitambo Mike Stone. Freddie alifika na wimbo wote kichwani na karatasi chache zenye mistari iliyofutwafutwa. Baker alisimulia miaka mingi baadaye kwamba mara ya kwanza kuusikia, Freddie alimpigia mwanzo wake kwenye piano, akasimama katikati, akamwambia hapa ndipo inapoingia opera, kisha wakaenda kula. Walirekodi kwanza piano, besi na dramu, wakiacha tupu sehemu ambayo ni Freddie peke yake aliyejua itajazwa na nini.

Ilijazwa na sauti za watu watatu. Taylor alishika sauti za juu kabisa, May za chini, Freddie za kati. Deacon hakuimba. Walisimama mbele ya maikrofoni saa 10 hadi 12 kwa siku, wakiimba sauti moja, kisha juu yake nyingine, kisha nyingine. Tepu ya studio wakati ule ilikuwa na njia 24, maana yake sauti 24 zingeweza kukaa sambamba bila kuchanganyika. Njia zilipojaa, Baker na Stone walizikusanya na kuzinakili zikawa njia moja au mbili, nafasi ikapatikana, watu watatu wakarudi kuimba. Nyongeza hizo zinakadiriwa kufika 180. Sehemu ya opera, ambayo haifiki hata dakika moja na nusu, ilikula wiki tatu hivi.

Kila tepu ilipozungushwa na kunakiliwa, ule unga wa sumaku unaobeba sauti ulipukutika kidogo. Brian May amesimulia kwamba mwishoni walipoinyanyua tepu kwenye mwanga waliweza kuona upande wa pili. Kila ninapoisikia kwaya ile kubwa nafikiria utepe huo uliochakaa. Yeyote aliyewahi kuimba kwaya katika parokia za Rulenge au usharika wa Biharamulo anajua jasho la kupatanisha sauti nne za watu 40 wasipishane pumzi. Hawa watatu walijipanga wenyewe juu ya wenyewe mpaka wakawa umati, na ilibidi wamalize kabla tepu haijaisha mikononi mwao.

Gitaa linalopita katikati ya wimbo lina historia yake. May na baba yake walianza kulichonga nyumbani mwaka 1963, shingo ikitokana na ubao wa meko ya zamani, na hulipiga kwa sarafu ya peni sita. Huko Kasulo na Nyakahura nimeona vijana wakiunda magitaa ya mbao za makreti na nyaya za breki za baiskeli. Watu wazima hupita wakicheka. Wanapaswa kuacha kucheka.

Basi wimbo ukawa tayari, na EMI wakasema mrefu. Hapo anaingia mtu ambaye bila yeye huenda leo tusingekuwa na la kuandika: Kenny Everett, mtangazaji wa Capital Radio ya London, rafiki wa Freddie. Alipewa nakala ya tepu kwa sharti kwamba asiipige hewani, sharti ambalo waliompa walijua fika hatalitimiza. Akaanza kuonjesha vipande. Simu zikaanza kuingia. Akaupiga mzima, akaurudia, na kufikia mwisho wa Jumapili alikuwa ameupiga mara 14 katika siku mbili. Jumatatu watu walimiminika madukani kuulizia santuri ambayo haijachapwa. Huko Marekani nako, Paul Drew, msimamizi wa vipindi katika redio za kampuni ya RKO, alijipatia nakala na kuipiga kabla haijatoka. EMI hawakuwa tena na hoja. Wasikilizaji, ambao ndio walioambiwa hawawezi kuvumilia dakika sita, walikuwa wamezivumilia mara 14.

Wakati ule chati ya Uingereza ilitengenezwa kwa daftari. Maduka yaliyoteuliwa yaliandika kila santuri iliyouzwa, daftari zikakusanywa kila wiki na matokeo kutangazwa. Bohemian Rhapsody uliingia mwanzoni mwa Novemba ukiwa namba 47. Wiki iliyofuata ukawa wa 17, kisha wa tisa, na tarehe 29 Novemba ukakaa juu kabisa. Tarehe 10 Novemba, wakijua watakuwa safarini na hawataweza kufika kwenye kipindi cha televisheni cha Top of the Pops, walipiga video katika studio za Elstree chini ya mwongozaji Bruce Gowers. Kazi ilichukua saa nne hivi na gharama haikufika pauni 5,000. Nyuso nne kwenye giza zikimulikwa kutoka juu: picha hiyo ilionyeshwa tarehe 20 Novemba, na baada yake kampuni za muziki zikaanza kuiona video kama silaha ya kuuzia wimbo. Kila video ya Bongo Fleva inayopigwa leo ina damu kidogo ya saa nne zile.

Ulikaa namba moja wiki tisa mfululizo, na kufikia mwisho wa Januari 1976 nakala zaidi ya milioni moja zilikuwa zimeuzwa Uingereza. Ulioung'oa ni Mamma Mia wa ABBA. Marekani ulifika namba tisa. Upande wa pili wa santuri ulikuwa na wimbo wa Taylor kuhusu mapenzi yake kwa gari, na kwa kuwa mtunzi wa upande wa pili hulipwa sawa na wa upande wa kwanza, jambo hilo lilizua manung'uniko ya miaka ndani ya bendi. Tuyaache.

Miezi hiyo hiyo, huku kwetu, mkoa uliitwa bado Ziwa Magharibi. Jina la Kagera lilikuja mwaka 1979 baada ya vita na Uganda. Zilikuwa zama za Operesheni Vijiji, watu wakihamishwa kutoka kwenye mashamba yao kwenda kwenye vijiji vya pamoja. Televisheni Bara haikuwepo, na haikuja mpaka miaka ya 1990, ingawa Zanzibar, alikozaliwa Freddie, ilikuwa tayari na televisheni ya rangi. Redio ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyopokelewa kwa masafa mafupi huku sauti ikienda na kurudi. Betri zilipochoka zilianikwa juani, zikapata nguvu za Klabu Raha Leo Show moja zaidi. Mwaka 1969 wakuu wa Dar es Salaam walikuwa wamepiga marufuku muziki wa soul, na redio ya taifa ilijengwa juu ya bendi za nyumbani. Sera hiyo ilitupa hazina ya muziki wa dansi ambayo majirani wengi hawana, na sitailaumu. Lakini ilikuwa na maana kwamba mtoto wa Unguja aliyekuwa akiimbwa London nzima hakuwa na njia ya kufika Ngara.

Ajabu ni kwamba huku hakuna mtu ambaye angeuita wimbo wa dakika sita mrefu. Bendi zetu zilipiga dakika nane, hata kumi: kwanza maneno ya taratibu yenye kisa na maonyo, halafu magitaa yanachanganya na watu wanaanza kucheza kwa dhati. Santuri ndogo za Nairobi, ambako nyimbo nyingi za Kiswahili zilichapwa, hazikuweza kubeba urefu huo kwa upande mmoja. Wachapaji hawakukata. Waliugawa wimbo: sehemu ya kwanza upande huu, unageuza, sehemu ya pili inaendelea pale ilipoishia. Mwenye baa alijua kugeuza santuri upesi ili wachezaji wasirudi vitini. Nasema hivi kwa sababu vijana wa leo huambiwa studioni kwamba wimbo ukizidi dakika mbili na nusu haupigwi, na wanaamini hiyo ni sheria ya kudumu. Ni mazoea ya juzi tu, na Queen waliambiwa vilevile.

Sasa mwaka 1991. Tarehe 23 Novemba Freddie alitoa taarifa kwamba ana Ukimwi. Siku iliyofuata akafariki nyumbani kwake Kensington, akiwa na miaka 45. Tarehe 9 Desemba Bohemian Rhapsody ulitolewa upya, safari hii sambamba na wimbo mwingine wa Queen, These Are the Days of Our Lives. Ukapanda tena hadi namba moja, ukakaa wiki tano. Ulikuwa wimbo wa kwanza ambao rekodi ileile imekuwa namba moja ya Krismasi Uingereza mara mbili. Mapato yalikwenda kwa Terrence Higgins Trust, asasi inayohudumia wenye virusi vya Ukimwi, yakapita pauni milioni moja. Mwaka uliofuata filamu ya vichekesho, Wayne's World, iliuweka kwenye tukio la vijana wakitikisa vichwa ndani ya gari, na Marekani ukapanda hadi namba mbili, juu kuliko mwaka 1976.

Kwa Mwingereza, kifo hicho kilikuwa mshtuko. Kwa mtu wa Kagera kingekuwa habari ya jirani. Wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi Tanzania walitambuliwa mkoani hapa mwaka 1983. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la mashati ya magendo yaliyovushwa kutoka Uganda, na kufikia mwaka 1986 kila mkoa wa Bara ulikuwa na wagonjwa. Utafiti uliofanywa mwaka 1987 ulionyesha kwamba Bukoba mjini karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na virusi. Bukoba Vijijini na Muleba ilikuwa mmoja kati ya kumi. Karagwe chini ya watano katika mia. Ngara na Biharamulo, ambayo wakati huo ilikuwa na Chato ndani yake, ilikuwa asilimia 0.4.

Nimeisoma tarakimu hiyo mara nyingi. Sisi wa kusini mwa mkoa tulikuwa nje kidogo ya moto, tukiwaona ndugu wakirudi kutoka Bukoba wakiwa wamekonda. Kinga yetu haikuwa tabia njema kuliko ya wengine. Ilikuwa barabara mbaya na msitu.  Kisha ikaja Aprili 1994. Watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi, wakikimbia Rwanda, na Benaco ikawa ghafla kambi kubwa kuliko miji mingi ya Tanzania. Malori ya chakula yalifuatana kutoka Dar es Salaam kupitia Kahama na Nyakanazi, madereva wakilala njiani, na kila mahali lori lilipolala pakazaliwa gesti, mgahawa na biashara nyingine. Shirika la afya la AMREF na wenzao walianza kutoa kinga na tiba ya magonjwa ya ngono kambini mapema kabisa, kazi ambayo kwa ukubwa wake haikuwa imewahi kufanyika katika dharura ya wakimbizi.

Katika miaka hiyo, wimbo wa Kiswahili uliosema wazi juu ya kinga ulikuwa Mambo kwa Soksi wa Remmy Ongala na Orchestra Super Matimila. Remmy, mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyeifanya Dar es Salaam kuwa kwao, alitaja kondomu bila kuzunguka, na Radio Tanzania ikakataa kuupiga. Waliousikia waliusikia ukumbini na kwenye kaseti zilizonakiliwa mkono kwa mkono. Nauweka kando ya Bohemian Rhapsody kwa makusudi. Mmoja ulizuiwa kwa sababu ya urefu, mwingine kwa sababu ya ukweli. Wa kwanza ulimpata Kenny Everett. Wa pili haukumpata, na sitaacha kuamini kwamba mtangazaji mmoja tu angethubutu mwaka 1990, kuna watu wa barabara hii ya Rusumo ambao wangekuwa na wajukuu leo.

Redio ilikuja Ngara mwaka 1995, kupitia shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi. Radio Kwizera ilianzishwa kwa ajili ya watu wa kambini, ikatangaza kwa Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda na lugha nyingine, ikiwaeleza watu hali ya usalama kwao na huduma za afya. Wenyeji wakaisikiliza kwa bidii ileile ya wakimbizi, na hata baada ya kambi kufungwa ikabaki yetu. Kwa mara ya kwanza tulikuwa na mtangazaji anayeijua barabara ya Kabanga na bei ya maharage Rulenge. Kwa wilaya iliyozoea kusikia habari zake kutoka Dar es Salaam, au zikinaswa kutoka Kigali na Bujumbura, hilo halikuwa jambo dogo.

Mkoa wetu nao umeshaonyesha kwamba unaweza kutoa wimbo unaosafiri mbali na kurudi tena kileleni, kama Bohemian Rhapsody. Mwaka 2001 Saida Karoli, binti wa Bukoba, aliimba Maria Salome kwa Kihaya, ule ambao wengi wanauita Chambua kama Karanga. Wahangaza na Wasubi wakauimba, Wasukuma wakauimba, Dar es Salaam ikauimba, Uganda ikauimba, wengi wao bila kujua nusu ya maneno. Haukuwa na chati ya kuupima, ila ulikuwa kwenye kila basi. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliuchukua wakatoa Salome, ukatawala redio upya miaka 15 baada ya mama yake. Saida alikuwa hai kuona maisha ya pili ya kazi yake, bahati ambayo Freddie hakuipata.

Pale Nyakanazi, zinapokutana barabara za Kigoma, Kahama, Bukoba na mpakani, kuna vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Kijana ana kompyuta mpakato yenye kibodi iliyofutika herufi, na mafolda aliyoyapanga mwenyewe: Kwaya, Zilipendwa, Bongo, Burundi, Injili ya Kinyarwanda, Wazungu wa zamani. Dereva anakuja na flashi, anataja folda, analipa, anaendelea na safari ya Kigali. Ukisimama pale saa moja unaona chati halisi ya barabara hii. Bohemian Rhapsody umo ndani ya Wazungu wa zamani, katikati ya Dolly Parton na Kenny Rogers. Nilipomwomba aupige, alisogeza kishale moja kwa moja hadi kwenye magitaa, kwa sababu ndipo anapoona "unachangamka". Nikamwomba aurudishe mwanzo. Aliurudisha, na madereva wawili waliokuwa wakinywa supu kwenye benchi walikaa kimya mpaka opera ilipoingia, ndipo mmoja akauliza hawa ni watu wangapi. Nikamwambia watatu. Akakataa kabisa kuamini, akaomba awekewe kwenye flashi yake.

Duniani wimbo umekwenda mbali. Filamu yenye jina lake ilitoka mwaka 2018 na kushinda tuzo nne za Oscar, mojawapo ikienda kwa Rami Malek aliyemwigiza Freddie. Mwaka 2019 video ile ya saa nne ilifikisha watazamaji bilioni moja mtandaoni, ya kwanza kufanya hivyo kati ya video zote zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1990. Mwaka huohuo makumbusho ya Freddie yalifunguliwa Shangani, Mji Mkongwe. Septemba 2023 karatasi zake za rasimu, zenye jina la kwanza alilolifikiria na kulikata, Mongolian Rhapsody, ziliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 1.3.

Ombi langu kwa watangazaji wa Ngara na Biharamulo ni la saa moja tu ya hewani. Freddie alifariki Novemba 24. Siku ya Ukimwi Duniani ni Desemba 1, wiki moja baadaye. Katika wiki hiyo, usiku baada ya taarifa ya habari, pigeni Mambo kwa Soksi na Bohemian Rhapsody, zote mbili tangu noti ya kwanza hadi ya mwisho, bila kuongea juu yake, bila kupenyeza tangazo la duka la simu. Katikati mpeni nafasi muuguzi wa Murgwanza au wa Biharamulo aeleze dawa zinapatikana wapi na siku gani. Na siku hiyohiyo pigeni wimbo wa kijana mmoja wa hapa, ambao studio imemwambia ni mrefu mno.